Je, wajua? Panya mwenye kromosomu Y anaweza kuzaliwa jike

Shuleni hufundishwa kwamba mama hutoa kromosomu X, baba hutoa X au Y, na Y ikiingia mtoto ni dume. Kwa panya wa maabara mara nyingi ndivyo ilivyo, ila si kila mara. Y huleta agizo tu, nalo likichelewa kiinitete hushika njia ya kike.

Agizo lenyewe ni jeni iitwayo Sry. Mwaka 1991 watafiti wa London waliiingiza kwenye mayai ya panya yaliyorutubishwa, na panya mwenye XX akazaliwa dume mwenye korodani, japo tasa.

Mimba ya panya huchukua takriban siku 20. Sry huwaka siku ya 10.5, hufika kilele siku ya 11.5, na siku ya 12.5 karibu imezima. Katika muda huo lazima iamshe Sox9, jeni inayojenga korodani. Nafasi yenyewe ni finyu mno, kama saa sita. Zikipita, jeni za ovari zimeshashika usukani.

Ndiyo maana ukoo wa wazazi una uzito. Mwaka 1982, katika Jackson Laboratory, Marekani, Eva Eicher na wenzake waliripoti kuhusu Y ya panya wa bonde la Poschiavo, Uswisi, iliyohamishiwa kwenye C57BL/6, ukoo mmoja wa panya wa maabara. Baadhi ya watoto wa XY walipata ovari, wengine tezi yenye korodani na ovari pamoja. Y yenyewe si mbovu: kwenye ukoo mwingine wa maabara, DBA/2J, hujenga korodani kamili.

Lishe ya mama nayo imo. Kimeng'enya KDM3A, kinachoifungua Sry isomwe, hakifanyi kazi bila madini ya chuma. Mwaka 2025 watafiti wa Japani walionyesha kwamba majike wenye mimba wakipewa dawa ya kupunguza chuma mwilini, wachache kati ya watoto wao wa XY huota ovari. Hayo ni ya panya. Mjamzito asiyatumie kupangia jinsia ya mtoto.

Anayefuga panya wa utafiti asitegemee macho pekee. Kwa vichanga, nafasi kati ya sehemu ya siri na mkundu huwa ndefu zaidi kwa dume, lakini hiyo huonyesha umbile, si kromosomu. Pima Sry kwa PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane kama mstari) pamoja na jeni nyingine isiyo ya Y, kwani mstari wa Sry usipotokea huenda ni kipimo kilichoshindwa, si XX.