Egeria Hakuwa na Tanga la Kukunja

Nimeletewa tena kisa kile kile, safari hii na mwanafunzi anayejifunza Kihispania na Kiromania kwa pamoja: kwamba kitenzi cha Kilatini plicare, "kukunja", kilizaa llegar, "kufika", kwa Wahispania kwa sababu mabaharia walikunja matanga walipoingia bandarini, kisha kikazaa a pleca, "kuondoka", kwa Waromania kwa sababu askari wa Kirumi walikunja mahema walipovunja kambi. Kisa ni kitamu na kinasimulika kwa pumzi moja, ndiyo maana hakifi. Nusu yake haihitajiki, na nusu ya pili haijathibitishwa.

Kuhusu sauti sina ugomvi. Pl- ya mwanzo wa neno iligeuka ll- katika Kihispania na ch- katika Kireno, kama vile pluvia, "mvua", ilivyotoa lluvia na chuva. Hivyo llegar na chegar ni ndugu halali. Kiromania kiliiacha ilivyo: ploaie, pleca. Basi.

Kinachonikera ni hayo matanga. Kilatini kilikuwa tayari na applicare, yaani kukiambatanisha kitu na kingine, na waandishi wake wa kale walikitumia bila shida yoyote kwa chombo kinachosogezwa ufukweni. Chombo kikishagusana na nchi kavu kimefika, tanga likunjwe lisikunjwe. Kisisilia, ambacho wapenzi wa kisa hiki hawakitaji kamwe, kinasema agghicari kwa maana ya kufika, na ile a- ya mwanzo ni ya applicare. Kisha yupo Egeria, mwanamke aliyehiji Nchi Takatifu mwishoni mwa karne ya 4, ambaye masimulizi yake yaligunduliwa Arezzo, Italia, mwaka 1884. Yeye anaandika plicare, bila kiambishi, anapoeleza jinsi alivyoikaribia bahari akitokea upande wa Sinai, tena kwa safari ya nchi kavu kupitia jangwani. Ukiniambia kwamba hiyo ni lugha ya mabaharia iliyopanda nchi kavu, nitakukubalia kwamba inawezekana, mradi ukiri kwamba kinachosogea humo ni chombo na wala hakuna kitambaa kinachokunjwa.

Kwa Kiromania napunguza sauti. Mahema ya askari ni dhana inayowezekana, lakini vitabu vya kiada huiandika kana kwamba mtu aliiona. Utawala wa Kirumi uliondolewa Dacia, jimbo lililokuwa katika eneo la Romania ya leo, wakati wa Kaisari Aurelianus, katika miaka ya 270, na maandishi ya zamani zaidi ya Kiromania yaliyosalia yenye tarehe inayojulikana ni barua ya Neacșu ya mwaka 1521. Katikati pana pengo la zaidi ya miaka 1,200. Zaidi ya hayo, kitenzi hicho hicho bado kina maana ya kuinamisha: a-și pleca capul ni kuinamisha kichwa. Inawezekana kabisa kwamba aliyeinama aligeuka, na aliyegeuka akaenda zake, bila hema hata moja. Mimi naelemea huko, ingawa siwezi kukuonyesha maandishi yanayonithibitisha, kama wale wa mahema wasivyoweza.

Kukunja kwenyewe kunaweza kuzaa maana ya mwisho wa jambo, hilo silipingi. Kikatalani kinatumia plegar kwa kumaliza kazi ya siku, na sisi tunaokunja jamvi mkutano unapokwisha hatuna sababu ya kulishangaa hilo.

Anayewataka mabaharia kwa lazima awatafute kwingine. Kwa Wafaransa na Waitalia, plier na piegare zimebaki na maana ya kukunja tu. Kufika kwao ni arriver na arrivare, maneno yanayotokana na ripa, ukingo wa maji. Kihispania nacho kinalo arribar, ambalo hadi leo husemwa kwa meli inayoingia bandarini.