Kipotoshi: jibu lisilo sahihi lililovaa nguo za jibu sahihi

Ukikaa na mafinalisti wa Goma majuma machache kabla ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo, utasikia lalamiko moja kila siku: "Maandishi niliyaelewa, lakini asersio zote zilifanana." Hawasemi uongo. Asersio, yaani majibu ya kuchagua, zilifanana kwa sababu aliyeziandika alitaka zifanane. Katika swali la kuchagua, jibu moja ni sahihi na mengine yametungwa makusudi ili yamvute msomaji aliyeelewa nusu. Jibu la namna hiyo huitwa kipotoshi, na wingi wake ni vipotoshi.

Kipotoshi si jibu la kijinga. Kama kifungu kinahusu samaki wa ziwa Kivu, asersio inayotaja bei ya saruji haimpotoshi mtu yeyote. Kipotoshi kizuri (namaanisha kizuri kwa mtungaji, si kwako) hubeba kitu cha kweli ndani yake: neno lililotoka kwenye kifungu, wazo ambalo mwandishi alilikaribia bila kulifikia, au jambo ambalo wewe unalijua tangu utoto.

Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha watoto werevu, na nitakaa nalo zaidi. Nilitunga zoezi hili kwa ajili ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi upande wa Ndosho:

"Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava iliteremka hadi Goma, ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani Kivu. Watu wengi walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Siku chache baadaye wengi wao walikuwa wamekwisha kurudi, ingawa mahali pengine lava ilikuwa bado haijapoa."

Kulingana na kifungu hiki, ni lipi linaloweza kuhitimishwa?

1. Watu walirudi Goma kwa sababu hawakupokelewa vizuri Gisenyi.
2. Lava iliuharibu mji mzima wa Goma.
3. Baada ya 2002, volkano hiyo ililipuka tena.
4. Wapo waliorudi bila kusubiri moto uishe kila mahali.
5. Lava ilipoa baada ya kuingia ziwani.

Akachagua 3, tena bila kusita. Nilipomwambia amekosa, alikaribia kukasirika: "Yaya, lakini ni kweli! Tulikimbia usiku, hata wewe ulikuwepo!" Ni kweli kabisa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena, na mtu wa Goma hahitaji kitabu kulijua hilo. Ila kifungu hakikusema neno lolote juu ya yaliyotokea baada ya siku zile chache. Swali lilianza na "kulingana na kifungu hiki", na maneno hayo manne hufunga mlango: chochote usichoweza kukionyesha kwa kidole ndani ya mistari ile hakikusaidii, hata kama ulikiona kwa macho yako.

Tuzipitie zile nyingine. Ya 1 imebuni sababu. Kifungu kinasema watu walirudi, hakisemi kwa nini, nasi binadamu tunapenda kila tendo liwe na sababu, basi tukipewa moja tunaipokea haraka. Ya 2 imezidisha. Kupita katikati ya mji si kuharibu mji mzima. Maneno kama "mzima", "wote", "daima", "kamwe" na "pekee" uyatilie shaka kila unapoyakuta kwenye asersio, kisha urudi kuangalia kama kifungu nacho kimesema kwa ukali huo huo. Wakati mwingine kimesema kweli, kwa hiyo usiyafute kwa macho tu. Ya 5 ni mwangwi: imeokota "lava", "kupoa" na "ziwani" kutoka sehemu tofauti ikazishona ziwe sentensi mpya. Jicho linatambua maneno, moyo unatulia, na alama imekwenda.

Jibu ni 4. Angalia lilivyopoa lenyewe: halina mbwembwe, halisemi zaidi ya linavyoweza kuthibitisha, na karibu halikunakili neno hata moja. "Wengi wao walikuwa wamekwisha kurudi" imekuwa "wapo waliorudi", na "haijapoa" imekuwa "bila kusubiri moto uishe". Hivyo ndivyo majibu sahihi yalivyo mara nyingi. Mtungaji hulivalisha jibu sahihi maneno mageni na kukiachia kipotoshi maneno ya kifungu.

Sasa kuna mitego ambayo si ya mtungaji peke yake, ni ya lugha. Sisi tunafanya mtihani kwa Kifaransa huku nyumbani na sokoni tunasema Kiswahili, na Kifaransa kina misemo michache ambayo hugeuza maana yote ya sentensi. *Sans doute* ukiifasiri neno kwa neno utapata "bila shaka", lakini Wafaransa wenyewe huitumia kwa maana ya "huenda", "yaelekea". Kifungu kikisema *il viendra sans doute*, asersio inayodai ni hakika atakuja imekwisha kukunasa. *Il a failli tomber*: hakuanguka, alikaribia tu kuanguka. *Il n'a que deux champs*: ile *n'* inakufanya udhani hana mashamba, kumbe anayo, mawili tu. Nimewaona vijana wenye Kifaransa kizuri cha kuongea wakikosa hapo, kwa sababu wakizungumza hawaitumii misemo hiyo sana.

Ndiyo maana dawa yangu ya kwanza ni ya Kiswahili. Soma kifungu, soma swali, kisha funika asersio kwa kiganja. Jijibu kimoyomoyo kwa lugha unayoiota usiku. Ukishindwa kulisema kwa Kiswahili, hukuelewa ile sentensi ya Kifaransa, ulikuwa unaitazama tu, basi irudie kabla hujafunua. Ukilisema, funua, utafute asersio inayofanana na lako. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayefunua akiwa na jibu lake anatafuta kitu kimoja, na anayefunua mikono mitupu anasikiliza watu watano wanaomdanganya kwa zamu.

Kama hakuna linalofanana na lako, badilisha kazi: acha kutafuta jibu zuri, anza kufuta mabaya. Kila asersio iulize neno gani ndani yake halina mstari wa kuliunga mkono. Neno moja tu linatosha kuiangusha, maana asersio iliyo sahihi nusu ni kipotoshi kamili. Mbili zikibaki zinabishana, zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, tafuta mahali zinapotofautiana, kisha urudi kwenye kifungu kwa ajili ya tofauti hiyo tu.

Kuhusu kusoma maswali kwanza au kifungu kwanza, watu wanabishana kupita kiasi. Inategemea mtihani. Penye maandishi marefu yanayofuatwa na maswali kadhaa, kupitisha jicho kwenye maswali kabla ya kusoma kunasaidia, lakini usizisome asersio, kwa sababu utaingia kwenye kifungu ukiwa umebeba uongo kichwani na utauona hata usipokuwepo.

Wanaojiandaa kwa SAT ya Marekani, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, wawe waangalifu zaidi na ushauri wa zamani unaozunguka kwenye simu. Mtihani huo sasa unafanywa kwenye kompyuta: nje ya Marekani ulianza hivyo 2023, na Marekani kwenyewe 2024. Vile vifungu virefu vimeondoka. Siku hizi kila kifungu kina maneno kati ya 25 na 150 na swali moja tu, maswali ya sehemu ya kusoma na kuandika ni 54 kwa dakika 64, yaani sekunde kama 71 kila moja. Kwa kifungu kifupi hivyo, "kupitia juu juu" hakuna maana, soma chote. Tena tangu 2016 SAT haikati alama kwa jibu lisilo sahihi (zamani ilikata robo), kwa hiyo usiache swali tupu. Vipotoshi vya kule ni vitatu kwa kila swali, na vinatungwa kwa ufundi ule ule.

Mdogo wangu sasa ana tabia ya kuandika "wapi?" kwa penseli pembeni ya asersio anayoipenda, na haizungushii mpaka aandike namba ya mstari. Bado ananidai kuhusu Nyiragongo, anasema zoezi lile lilikuwa la uonevu. Nikamwambia ya 2021 ayatunze kwa ajili ya disertasio, ile insha ya Exetat. Pale hakuna "kulingana na kifungu hiki", na msahihishaji anataka kuona ulichobeba kutoka nyumbani.