Kulipwa kutoka nje hakukupi ruhusa ya kufanya kazi Nice, Ufaransa

Wengi huamini kwamba ukilipwa na kampuni ya Nairobi au Dubai, unaweza kupanga chumba Nice, ukapiga kazi kwenye laptopu mkabala na ufukwe wa mawe wa Promenade des Anglais, na Ufaransa isikuhusu. Sivyo, na imani hii inawaponza watu. Ufaransa haina viza maalumu ya wafanyakazi wa mtandaoni. Viza fupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, wala si kibali cha kazi. Viza ndefu ya mgeni anayekuja kukaa tu huombwa kwa ahadi iliyosainiwa kwamba hutafanya kazi huko. Na kodi? Watu huhesabu tu kama wamekaa nchini siku 183 kwa mwaka, kumbe familia yako kuishi huko, au shughuli yako kuu kufanyika huko, kunaweza kutosha kukufanya mlipakodi wa Ufaransa.