Supachaja ina oili yake, na hakuna anayeimwaga

Mzee mmoja alileta gari lake gereji kwetu Ilala likiwa limevutwa kwa kamba. Mercedes C200 Kompressor (ndivyo Mercedes wanavyoiita supachaja), bodi ya W203, safi utadhani jana imetoka bandarini. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Fundi, nilikotoka wameniambia injini imenoki, ifunguliwe yote. Nataka na wewe utie sikio kabla sijauza shamba."

Nikawasha. Kelele ilikuwepo kweli, kama kokoto ndani ya kopo, na ukikanyaga mafuta kidogo inapungua. Hapo nikaanza kushuku. Injini iliyonoki haitulii ukiikanyaga, inazidi kugonga. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, nikapita sehemu moja baada ya nyingine. Huko chini kwenye pistoni hakukuwa na neno. Nilipofika kwenye pua ya supachaja nusura nitoe kichwa.

Nikavua mkanda, nikawasha kwa sekunde chache: kimya. Angalieni hapa, maana mafundi wengi hukimbilia kuhukumu. Mkanda ukitoka, vinasimama vitu vingi, si supachaja peke yake, na kwenye magari mengi wota pampu ni mmojawapo, ndiyo maana huachi injini ingurume. Kwa hiyo nikazungusha puli moja moja kwa mkono. Alterneta laini, tenshena, ile inayokaza mkanda, laini. Puli ya supachaja ilikuwa inacheza huku na huku kabla haijashika, na ikishika inakwaruza.

"Mzee, shamba usiuze."

Nieleze kidogo tunazungumzia nini. Supachaja na tabo zote kazi yao ni kusukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, na kwa kawaida inanyweshwa oili ya injini, kwa hiyo ukimwaga oili ya injini na tabo umeihudumia. Supachaja inazungushwa na mkanda. Hizi zilizofungwa kiwandani na Mercedes, Jaguar, MINI na wengine, ambazo nyingi zimetengenezwa na kampuni ya Eaton, zina oili yao pekee, imefungiwa kwenye pua ya mbele, haichangamani na ya injini hata tone. Unaweza kumwaga oili ya injini kila kilomita 5,000 bila kukosa kwa miaka kumi, na supachaja ikafa kwa kiu.

Ndani yake kuna rota mbili zilizosokotana. Watu hudhani zinasagana, hapana, hazigusani kabisa. Zikigusana umekwisha. Kinachozitenganisha ni gia mbili za mbele zinazozipanga zizunguke kwa hatua moja, na gia hizo na beringi zake ndizo zinazoogelea kwenye oili ninayoisema. Beringi za nyuma kwa kawaida zina grisi iliyopakiwa kiwandani. Huko kwenye rota kwenyewe ni pakavu, panapita hewa tu. Ubunifu wenyewe ni wa zamani: ndugu wawili wa ukoo wa Roots, huko Connersville, Indiana, walisajili pampu ya hewa ya namna hii mwaka 1860, kabla hata gari halijakuwepo. Mercedes walionyesha magari yao ya kwanza yenye Kompressor Berlin mwaka 1921.

Sasa kwa nini hakuna anayeimwaga? Kwa sababu magari mengi yalikuja na maelezo kwamba oili hii ni ya maisha. Maisha ya nani? Gari limetumika Japani au Uingereza miaka minane, likapanda meli, likashuka Dar, na hapa tunalitegemea miaka kumi mingine. Na cha kuchekesha, General Motors (GM) walipofunga supachaja za Eaton hizo hizo kwenye injini zao za 3800, mfano Buick Park Avenue Ultra, kitabu cha gari kilimwambia mwenye nalo akague oili yake kila maili 30,000 au miezi 36. Mtengenezaji mmoja, ushauri mbili. Mimi namfuata anayesema kagua.

Ya mzee niliishusha mezani. Nafanya hivyo mara nyingi, kwa sababu kwenye injini hizi za M271 imejificha pembeni na ukilazimisha kufanyia kazi juu kwa juu utaangusha uchafu ndani. Iwe imepoa. Safisha kuzunguka kizibo cha tundu la kujazia oili kwanza, pulizia na hewa, ndipo uweke spana ya alen. Oili haina tundu la kumwagia, hivyo natumia sirinji yenye mpira mwembamba, naivuta taratibu, naigeuza supachaja, navuta tena.

Ilitoka isiyojaa kijiko cha chakula. Nyeusi, inametameta, na harufu yake kama nywele zilizoungua. Nikaimimina kwenye karatasi nyeupe na kupitisha sumaku chini. Vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida wa gia. Ukiona vipande vyenye ncha, beringi imeshaanza kuliwa. Ya mzee ilikuwa vumbi, bahati yake. Kilichokuwa kinapiga kokoto ni kaplingi, kile kiungo kati ya shafti ya puli na gia. Kilikuwa kimetanuka matundu. Wenye Range Rover Sport zenye supachaja wanaujua vizuri ugonjwa huu.

Beringi za pua nabadilisha mwenyewe. Zina namba, na kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani hukosi anayeziuza. Lakini gia za kupanga rota sizing'oi, na nawaomba wenzangu msizing'oe kwa puli ya kuvutia na nyundo. Ukizirudisha zikiwa zimepishana kidogo tu, rota zinakulana siku utakayokanyaga mafuta.

Kuhusu oili gani, ndipo ninapogombana na watu. Si oili ya injini. Si ATF, ile ya gia boksi ya otomatiki. Si ile nzito ya gia ya difu. Pua haina pampu wala filta, gia zinajirushia oili zenyewe zikizunguka kwa kasi kubwa kuliko injini, hivyo inatakiwa oili nyepesi ya sintetiki isiyofanya povu. Inauzwa kwenye vichupa vidogo. Kile cha GM kina kama mililita 118, na gari moja halihitaji zaidi ya kichupa kimoja au kimoja na ushee. Sielewi mtu anayelipia gari lenye Kompressor halafu akabania hapo.

Kujaza ni mpaka ukingo wa chini wa tundu, supachaja ikiwa imelala sawa. Nasisitiza kulala sawa kwa sababu niliwahi kuumbuka. Miaka yangu ya mwanzo nilijaza moja pua ikiwa imeinuka, oili ikakimbilia nyuma, nami naongeza tu nikiona tundu halijajaa. Kesho yake mteja akarudi na moshi wa bluu, oili ya ziada imesukuma sili na kuingia kwenye rota. Nilimlipia sili kwa fedha yangu.

Ila ukikuta oili kwenye rota usiseme moja kwa moja sili imekufa. Injini nyingi zinarudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, nao unaacha utando. Fuata bomba la kupumulia kwanza. Filta ya hewa nayo usiicheleweshe, vumbi la barabara zetu likipita linakwangua rangi maalumu iliyopakwa kwenye rota.

Na wewe mwenye Nissan Note yenye herufi DIG-S nyuma, usicheke wenye Mercedes. Hiyo S ni supachaja, imekaa kwenye injini yako ya cc 1198, ina klachi ya sumaku inayoikata gari likienda taratibu. Nimekutana na wenye nazo miaka mitatu na hawajui. Ukisikia mlio mpya upande wa mkanda, hasa unaokuja na kukatika, mwambie fundi aanzie hapo.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili, si kwa kelele, ila kuniletea mihogo ya shambani. Oili niliyoitoa kwenye gari lake ninayo kabatini kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikipata mteja anayebisha, namfungulia anuse.