Uzito wa Mti Haurushi Mshale

Wiki iliyopita kijana mmoja alifika kwenye banda langu hapa Masasi akiwa amebeba begani gogo la mpingo la urefu wa mita moja na nusu, jeusi tii, limepasuliwa kwa msumeno pande zote nne. Akalitua chini kwa shida, akasema, "Shikamoo, fundi. Nimekuletea mti wa kiume. Nataka upinde usio na mwenzake." Niliitikia, nikamkaribisha mkekani, kisha nikamwambia kwamba upinde huo sitautengeneza. Alidhani tunavutana kuhusu malipo, akaongeza bei. Ombi lake nimeshaletewa na watu wa Newala, wa Nachingwea, wa Ruangwa na wa Mikindani, na kila mmoja nimemweleza kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Safari hii ninaandika, ili atakayekuja na gogo jingine asome kwanza.

Imani yenyewe ni hii: mti ukiwa mgumu, upinde unakuwa mkali, mpingo ni mgumu kuliko miti mingine ya kwetu, kwa hiyo upinde wa mpingo ndio mkali kuliko zote. Ninaelewa inakotoka. Mpingo ndio mti uliowapa wachongaji wa Kimakonde sifa duniani, na ndio unaotengenezewa klarineti na zumari nyingine za Ulaya. Mita moja ya ujazo ya kiini chake hufikia takriban kilo 1,200 au hata zaidi, na ukikitupa majini kinazama. Mtu aliyekulia kando ya mti wenye heshima kama hiyo ataona ajabu kuambiwa kwamba kuna kazi usiyoifaa.

Lakini ugumu ni neno moja tunalolitumia kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Kuna ugumu wa kutobonyea unapogongwa, na huo ndio unaotakiwa kwenye mchi wa kutwangia. Kuna ukakamavu, yaani kukataa kupinda. Na kuna unyumbufu, yaani kupinda sana bila kuvunjika na kisha kurudi mahali pake kwa haraka. Upinde si mchi. Ugumu wa kwanza hauusaidii kitu chochote, kwa sababu hakuna anayeutwangia. Ukakamavu unausaidia, ila ukakamavu unaweza kupatikana kwa njia nyingine, kama nitakavyoeleza. Unyumbufu ndio usio na mbadala, na ndio ambao watu hawaulizi wanapochagua mti.

Upinde unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, hurefuka, na tumbo lake, upande unaomtazama mpigaji, hubanwa na kufupika. Nyuzi za mti mzima zisizokatwa huhimili kuvutwa kuliko zinavyohimili kubanwa. Ndiyo maana upinde uliotengenezwa vizuri huchoka tumboni kwanza: unabaki umejikunja kidogo hata baada ya kuvuliwa upote, yaani kamba yake, na usipouangalia utaona mikunjo midogo kama makunyanzi ikijichora upande wa ndani. Upinde uliotengenezwa vibaya huvunjikia mgongoni, ghafla, na chanzo karibu kila mara ni kimoja, nacho ni kwamba nyuzi za mgongoni zilikatwa.

Sasa litazame gogo la yule kijana. Msumeno umepita moja kwa moja, lakini mpingo haukui moja kwa moja. Ni mti wa mashina yaliyojinyonga na kujikunja, wenye mabonde na matuta ubavuni, na nyuzi zake hufuata mwendo huo wote. Unapolipasua pande nne, unapata ubao ulionyooka kwa nje, huku ndani nyuzi zikiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kila mahali uzi unapotokea juu ya mgongo ni mlango wa ufa. Wachongaji hawasumbuliwi na jambo hilo, kwa kuwa kinyago hakipindwi. Mimi linanisumbua kiasi cha kunikosesha usingizi, kwa sababu upinde unaovunjika ukiwa umevutwa hadi shavuni humrushia mtu vipande usoni.

Pia wachongaji huondoa sehemu nyeupe iliyo chini ya gome na kubakiza kiini cheusi. Kwa kinyago ni sawa, kwani weupe huo huliwa na wadudu upesi. Kwa upinde ni kinyume chake. Ile nyeupe ndiyo tabaka changa lililozunguka mti mzima bila kukatika, na ndiyo inayofaa kukaa mgongoni. Waingereza wa zamani walilijua hilo walipotengeneza pinde zao ndefu za vita kwa mti wa nchi za baridi uitwao myuu: weupe waliuweka mgongoni na kiini tumboni. Kwenye mabaki ya meli yao Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, zilipatikana pinde zaidi ya 130 za namna hiyo, na zilikuwa pinde nzito mno kuvuta. Myuu huelea majini. Uzito wake ni karibu nusu tu ya uzito wa mpingo.

Hapo watu huniuliza, kama mti ni mwepesi, nguvu inatoka wapi? Inatoka kwenye vipimo. Ukiuongeza upana wa mkono wa upinde, yaani nusu yake moja kutoka mshiko hadi ncha, mara mbili, nguvu ya kuuvuta huongezeka mara mbili. Ukiuongeza unene mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Ukipunguza unene kwa asilimia 10 tu, zaidi ya robo ya ukakamavu imekwenda na haitarudi. Kwa hiyo upinde wa kilo 20, yaani unaohitaji nguvu ya kilo 20 kuuvuta, unaweza kupatikana kwa mti mwepesi kwa kuupanua, na kwa mti mzito kwa kuufanya mwembamba. Kilo ni zilezile. Mwenye mti mzito hajapata nguvu ya ziada, amepata mzigo. Nguvu uliyoiweka kwenye mikono ya upinde kwa kuvuta hugawanywa unapoachia: sehemu huenda kwa mshale, na sehemu huliwa na mikono yenyewe ikikimbia kurudi mahali pake. Ncha ndizo zinazokimbia kuliko sehemu nyingine zote, kwa hiyo gramu chache pale juu hula zaidi kuliko gramu nyingi karibu na mshiko. Upinde wenye ncha nzito unausikia kwa mkono: unapoachia, kishindo hupanda hadi kwenye kiwiko, na kishindo hicho ni nguvu ambayo mshale haukuipata.

Ninapaswa kusema haki. Fundi hodari anaweza kuupunguza upana wa mpingo hadi uzito wa ncha ukawa wa kawaida, na vitabu vinaweza kuthibitisha kwa hesabu kwamba inawezekana. Nami nina upinde mmoja niliouchonga kutokana na mche wa mpingo uliokuwa mnene kama kifundo cha mkono, uliosimama wima, karibu wote mweupe na kiini chembamba katikati. Una miaka miwili sasa na unapiga vizuri. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba mpingo hautoi upinde. Ninachoweza kusema ni kwamba uliotoa upinde ulikuwa mche mzima wenye nyuzi zake zote, na kwamba sitakata mwingine, kwa kuwa mti unaochukua miongo mingi kukomaa haustahili kuishia kwenye kazi ambayo mkole unaifanya vizuri zaidi.

Mkole ndio mti wangu. Una majina yake katika lugha zetu, na watoto wanaujua kwa matunda yake madogo. Huota mashina mengi kutoka shina moja, hukatwa na kuchipua tena, na fito zake ndizo wazee huchagulia bakora. Chagua ufito wa sentimita 165 hivi, usio na jicho wala msokoto. Ukiona mistari ya gome inazunguka kama kamba, uache hapohapo ulipo. Kata wakati wa kiangazi, Juni au Julai. Menya gome kwa vidole ukiwa bado mbichi, wala usitumie kisu, na upande utakaokuwa mgongo usiguswe na chuma tangu siku hiyo hadi mwisho. Vitabu vya nje husema ufuate duara moja la mwaka katika mti. Katika miti yetu mingi maduara hayo hayaonekani vizuri, na ngozi ile laini iliyo chini ya gome ndiyo tabaka pekee ambalo una hakika ni moja.

Paka nta kwenye vichwa viwili vya ufito ili visipasuke, uning'inize kivulini, na uupime kila wiki kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Mikindani, karibu na bahari, hautakauka kama utakavyokauka juu kwenye uwanda wa Newala, na upinde uliotengenezwa bara ukapelekwa pwani msimu wa mvua utalegea kidogo. Kuhusu muda wa kukausha, bado nina shaka. Nimefundishwa kungoja mwaka. Nimewahi kufanyia kazi ufito wa wiki saba na haukunidhuru, na wapo wazee wanaochonga mti ukiwa mbichi kabisa, kisha wanaufunga kwenye uchaga wa jikoni ukaushwe na moshi. Pinde zao ni za mviringo, umbo ambalo kwa hesabu hulichosha tumbo mapema, lakini nimezivuta kwa mkono wangu na hazina kasoro ninayoweza kuionyesha.

Kuchonga umbo la kwanza ni kazi ya shoka, tezo na tupa, na aliyewahi kutengeneza mpini hahitaji kufundishwa. Kazi yenyewe ni kulinganisha mkunjo. Nimepigilia kishikizo kwenye nguzo ya banda, chini yake kuna kapi, na kamba inapita kwenye kapi hilo hadi mkononi mwangu, nikiwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye upinde. Navuta sentimita 10, natazama. Mkono wa kulia unapinda vizuri hadi katikati, kisha kuna kipande cha upana wa kiganja kilichonyooka kama rula: hapo ni pazito. Mkono wa kushoto una mahali pamoja panapokunjika kama bawaba: hapo pamekonda. Asiyejua hukimbilia kwenye bawaba. Bawaba haiguswi tena kabisa. Kinachokwanguliwa ni sehemu nyingine zote, hadi zilegee kufikia kiwango chake. Nakwangua tumboni kwa kipande cha kioo, mara tano, si zaidi, navuta mara thelathini ili mti upate habari, natazama tena. Nasogeza mvuto sentimita mbili. Upinde mmoja hunichukua siku mbili kwenye nguzo hiyo, na mizani haivuki kilo ninazozitaka hata siku moja, kwa sababu mti unakumbuka kila ulipozidishiwa. Mwisho nalainisha kwa majani ya msasa, mti uleule uliokipa jina kile kikaratasi cha dukani.

Upote usiwe wa nailoni ya kuvulia samaki, kwani hunyumbuka na kumeza nguvu. Kano za mnyama ni bora zikiwa kavu, ila huharibika kwa mvua. Mishale natengeneza kwa matete ya mto Lukuledi, manyoya matatu ya kanga kutoka bawa la upande mmoja. Upinde wa kilo 18 unataka mshale mkakamavu kiasi chake. Ukiupa unaopinda ovyo, mshale utapotea pembeni hata kama mpigaji ni hodari, na atalaumu upinde.

Wanaonijia kwa ajili ya nguruwe wanaofukua mihogo nawaambia jambo moja kabla hatujapatana. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, iwe kwa bunduki au kwa upinde, na ofisa wa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kuulizwa kwanza. Vivyo hivyo ufito usikatwe kwenye msitu wa kijiji bila kamati kujua. Mimi mwenyewe napigia shabaha ya gunia lililojazwa majani makavu.

Yule kijana hakuondoka mikono mitupu. Nilimpa ufito wa mkole uliokwisha kauka, nikamwonyesha mahali pa mshiko, na kesho kutwa atarudi tuuweke kwenye nguzo. Gogo lake tumelipasua vipande vya urefu wa kiganja, vyembamba kama penseli, vya kuchomeka mbele ya matete. Huko mbele uzito unatakiwa: ncha nzito huunyoosha mshale angani na kuusukuma ndani ya shabaha, na mpingo haubonyei kwa urahisi. Tumepata ncha kumi na mbili bila kugusa hata robo ya gogo, na sehemu iliyobaki ameahidi kuipeleka kwa mchongaji.