Je, wajua kwa nini televisheni iliyochomolewa bado inaweza kukupiga shoti?

Fundi wa televisheni ninayempelekea vitu vyangu Darajani, mjini Unguja, ana desturi ambayo kwa muda mrefu sikuielewa. Akishachomoa plagi na kufungua mgongo wa televisheni, hatii kidole ndani. Kwanza huchukua globu kuukuu yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye miguu ya kikopo cheusi kinene kuliko dole gumba, na globu ikametameta mara moja, ikazimika. Umeme huo umetoka wapi, ilhali plagi imelala sakafuni?

Kikopo hicho ni kapasita. Ndani yake mna tepe mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja kama mkeka, zikitenganishwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, ambacho ni chembamba mno. Umeme ukiwashwa, elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji hasi, huondolewa katika utepe mmoja na kusukumiwa katika wa pili, na kwa kuwa haziwezi kuvuka kihami, upande mmoja huzidiwa na elektroni ukawa hasi, na wa pili hupungukiwa ukawa chanya. Pande hizo huvutana, lakini hazifikiani. Watu husema kapasita hujaa umeme kama mtungi unavyojaa maji, nami naona usemi huo unapotosha, kwa sababu kila elektroni iliyoingia upande mmoja, nyingine imetoka upande wa pili, na jumla ya chaji kikoponi haikuongezeka hata chembe. Kilichowekwa akiba ni nishati, nayo imo katika uga wa umeme, yaani eneo la mvutano, ulio baina ya tepe hizo.

Uwezo wa kapasita hupimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina la Mwingereza Michael Faraday, na huongezeka kadiri tepe zinavyokuwa pana na kihami kinavyokuwa chembamba. Faradi moja ni kubwa sana kwa vyombo vya nyumbani, hivyo mafundi huhesabu kwa maikrofaradi, ambayo ni sehemu moja ya milioni. Umeme wetu wa volti 230, ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja ndani ya televisheni, hufikia takriban volti 325. Kapasita ya maikrofaradi 100 katika volti hizo huweka nishati ya juli 5 hivi, kiasi cha kuinua kilo moja ya sukari nusu mita. Ni kidogo, na betri ndogo ya tochi huipita mara nyingi. Ila betri hutoa umeme wake kwa mabadiliko ya kikemikali, polepole, ilhali elektroni za kapasita hazingoji ila njia ya kurudi zilikotoka. Zikipewa bisibisi, hurudi zote kwa kishindo na cheche. Zikipewa mkono wa mtu, humpitia yeye.

Njia ikiwa nyembamba, hurudi taratibu. Kapasita hiyo ikiunganishwa na kizuizi, yaani kifaa kinachoubana mkondo wa umeme, cha omu 100,000 (omu ni kipimo cha ubanaji huo), baada ya sekunde 10 volti zake hushuka hadi 120 hivi, na baada ya sekunde 50 hubaki chini ya asilimia 1. Ndiyo maana taa ndogo ya redio huendelea kuwaka kidogo baada ya umeme kukatika, kisha ikafifia.

Kapasita ya pangaboi hufanya kazi hiyo hiyo bila kupumzika: umeme wa majumbani hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, nayo hupokea chaji na kuitoa kila unapogeuka, ikiutanguliza mkondo wa koili moja ya mota, yaani waya ulioviringishwa, mbele ya mwenzake ili nguvu ya sumaku izunguke. Ikichoka, pangaboi huvuma juu ya dari bila kuzunguka, katika joto la kaskazi, mpaka mtu apande kiti alisukume kwa fimbo ya ufagio. Na likishasukumwa, huendelea lenyewe, ingawa kwa uvivu.