Hazina za maarifa: mwalimu anapobisha hodi

Huku kwetu mzazi akiitwa shuleni, cha kwanza anachojiuliza ni mtoto kafanya kosa gani. Mwalimu naye akionekana anaelekea nyumbani kwa mwanafunzi, majirani watauliza hivyo hivyo. Dhana ya "hazina za maarifa" inaigeuza safari hiyo. Mwalimu anabisha hodi ili ajifunze. Hakuja kushtaki, wala hakuja kumfundisha mama namna ya kulea.

Hazina za maarifa ni ujuzi ambao kaya imejilimbikizia kwa miaka mingi ili iweze kuishi: kulima na kufuga, kuchimba madini, kujenga, kutengeneza magari, kutibu kwa mitishamba, kuwazalisha wajawazito, kupanga matumizi ya fedha kidogo. Neno lenyewe lilianzia kwenye uchumi kabla ya kufika shuleni. Wanaanthropolojia Carlos Vélez-Ibáñez na James Greenberg walikuwa wakichunguza familia zenye asili ya Mexico kusini-magharibi mwa Marekani, wakaona jinsi kaya zinavyobadilishana ujuzi: anayemtengenezea jirani gari leo, kesho anajengewa ukuta. Kwa hiyo tusiichanganye hazina hii na kipaji cha mtu mmoja. Ni mali ya kaya, na inazunguka.

Luis Moll, Norma González na wenzao wa Chuo Kikuu cha Arizona waliichukua dhana hiyo wakaipeleka kwa walimu wa shule za msingi mjini Tucson. Walimu walifundishwa kazi ya mtafiti: kutazama, kuhoji bila kuharakisha, kuandika walichokiona. Kila mmoja alitembelea familia chache za wanafunzi wake, na baada ya saa za masomo wakakutana kujadili. Makala yao ya mwaka 1992 ndiyo iliyoieneza dhana hii, na miongoni mwa walioiandika ni Cathy Amanti, mwalimu wa darasani.

Mfano wake ndio ninaoupenda. Katika ziara zake aligundua kwamba mwanafunzi wake mmoja alikuwa akiwauzia watoto wa jirani pipi zilizotoka Mexico. Angeweza kuipuuza biashara ile, au hata kuikemea. Badala yake aliifanya kuwa somo. Darasa zima likachunguza pipi: zimetengenezwa kwa vitu gani, za Mexico na za Marekani zinatofautianaje. Kisha mzazi mmoja akaja kuwafundisha watoto kutengeneza pipitoria, pipi ya Kimexico. Siku hiyo mwenye elimu mbele ya darasa alikuwa mama wa mwanafunzi, na sayansi na hesabu zikafundishwa kama kawaida.

Hapo ndipo dhana hii inapoachana na "siku ya utamaduni" tunayoijua, ile ya ngoma, mavazi na vyakula, ambayo jioni ikifika kila kitu kinarudi kabatini na mtaala unabaki ulivyokuwa. Tena Moll na wenzake hawakutaka mwalimu akariri kwamba watu wa asili fulani wako hivi au vile. Kaya mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na hazina tofauti kabisa, na njia ya kujua ni kwenda.

Katika mafunzo ya ualimu, dhana hii inapingana na imani moja sugu: kwamba mtoto wa maskini, au asiyezungumza lugha ya shule, anafika darasani mtupu. Mwalimu tarajali anaweza kusoma mihadhara mingi kuhusu usawa na bado akatoka na imani hiyo. Akishakaa sebuleni kwa fundi anayekadiria saruji na kokoto kwa kichwa, itakuwa vigumu kwake kusema nyumba ile haina hesabu.

Sioni, hata hivyo, kwamba hodi peke yake inatosha: mwalimu anaweza kuithamini hazina ya nyumbani, na bado wenye mamlaka wakaifungia nje ya darasa. Mji huo huo wa Tucson ulikuwa na programu nyingine, ya sekondari, iliyofundisha historia na fasihi ya Wamarekani wenye asili ya Mexico. Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria iliyolenga kuizuia. Wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za mji huo, ikatishiwa kukatwa asilimia 10 ya fedha za jimbo, na Januari 2012 ikaifunga programu. Vitabu vikaondolewa madarasani. Utafiti ulioongozwa na Nolan Cabrera, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa wanafunzi waliosoma masomo hayo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufaulu mitihani ya jimbo na kuhitimu.

Agosti 2017 Wallace Tashima, jaji wa mahakama ya shirikisho, aliamua kwamba sheria ile ilitungwa na kutekelezwa kwa chuki ya rangi, kinyume cha katiba. Kufikia hapo, waliokuwa madarasani siku vitabu vilipoondolewa walikuwa wamekwisha kuvuka umri wa sekondari.